Mzazi, usinunue ajira ya mtoto: jua kwanza shahada yake inafungua milango ipi

Mwezi uliopita nilipokea ujumbe wa simu kutoka kwa baba mmoja wa Morogoro, fundi seremala. Ulikuwa mrefu, ameutuma kwa vipande vitatu. Nauweka hapa kwa ufupi, kwa ruhusa yake, bila jina.

"Habari za kazi mwandishi. Kijana wangu alimaliza chuo, shahada ya mambo ya maendeleo. Huu ni mwaka wa pili yuko nyumbani. Niliuza kiwanja ili asome, maana mkopo aliopata haukutosha. Mtaani wote wanajua anasomea kazi za Umoja wa Mataifa, na mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia. Sasa amekuja mtu anasema anafahamiana na mkubwa wa shirika moja la kimataifa. Nafasi ipo, ila anataka milioni tatu kabla ya mwisho wa mwezi. Ninayo milioni moja na nusu, nyingine naweza kukopa kwenye kikundi. Nimpe?"

Nilimjibu siku ileile: mzee wangu, usimpe hata senti. Lakini nilijua jibu hilo halitoshi. Kumwambia baba asitoe hela hakumpi kijana kazi. Na wazazi walio kwenye njia panda kama yake ni wengi, hasa ambao watoto wao wamesoma uchumi, mipango au maendeleo. Kwa hiyo leo tuzungumze kwa kirefu.

Kwanza, hiyo milioni tatu

Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Si ya fomu, si ya usaili, si ya mafunzo. Ukidaiwa, ujue aliye mbele yako ni tapeli.

Serikalini nako, nafasi nyingi zinatangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na maombi yanatumwa bure kwenye Ajira Portal. Anayekuambia atampitisha mwanao dirishani anakuuzia kitu ambacho hana. Na hata angekuwa nacho, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa kama inavyomgusa anayepokea. Namba ya TAKUKURU ni 113, haina malipo.

Matapeli hawa wanajua muda wa kubisha hodi. Hawaji mtoto akiwa ametoka kuhitimu. Wanakuja mwaka wa pili, wakati mama ameshachoka kuulizwa kanisani au msikitini, na baba ameanza kukwepa stori za kijiweni.

Kwa nini mambo yamekuwa magumu

Wengi wetu tuliijua kazi ya maendeleo kwa kuiona barabarani. Gari kubwa jeupe lenye nembo mlangoni, kijana mwenye kitambulisho shingoni, semina hotelini. Tukaamini mtoto akisoma maendeleo, siku moja atashuka kwenye gari hilo.

Kitu ambacho hatukuambiwa ni kwamba kazi nyingi za aina hiyo ni za mradi. Mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili, na fedha zinatoka nje. Mfadhili akiondoka, gari linaondoka na kitambulisho kinarudishwa.

Hilo ndilo lililotokea mwaka 2025. Januari 20, Rais wa Marekani Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Machi mwaka huohuo, Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo, Marco Rubio, alitangaza kuwa asilimia 83 ya programu za USAID zimefutwa. Ilipofika Julai 1, USAID ikaacha kabisa kuendesha misaada, na yaliyobaki yakahamishiwa wizarani kwake. Uingereza nayo ilitangaza mwaka huohuo kwamba itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato lake la taifa hadi asilimia 0.3 ifikapo 2027.

Hapa kwetu fedha za Marekani ziligusa miradi ya Ukimwi, malaria, lishe na kilimo. Waliopoteza ajira si wahitimu wapya tu. Ni watu wenye uzoefu wa miaka kumi, na sasa nao wanatuma maombi kwenye nafasi zilezile anazoomba mwanao.

Serikalini nako foleni ni ndefu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato ilipotangaza nafasi 1,596, zaidi ya watu 135,000 waliomba. Piga hesabu: watu zaidi ya 80 kwa kiti kimoja.

Nimetaja takwimu hizi ili kesho asubuhi ukimkuta mwanao amelala hadi saa tatu, usiseme haraka kwamba ni mvivu. Inawezekana usiku alikuwa anajaza fomu ya kumi na saba, na zile kumi na sita za kabla yake hakuna aliyemjibu.

Shahada hii si ya kazi moja

Mtoto akisoma udaktari, kazi yake ina jina. Akisoma ualimu, hali kadhalika. Uchumi na maendeleo si hivyo. Ni shahada zenye milango mingi midogo, na juu ya milango hiyo hakuna kilichoandikwa "maendeleo". Naitaja mitano.

Mlango wa kwanza ni serikali. Tafuta vyeo hivi kwenye matangazo: Mchumi, Afisa Mipango, Mtakwimu, Afisa Maendeleo ya Jamii, Afisa Biashara. Wako wizarani, lakini wengi wako halmashauri. Huko ndiko inakopangwa bajeti ya zahanati na barabara ya kijiji, na ndiko inakosimamiwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu.

Tahadhari moja kubwa: kila tangazo lina sehemu ya sifa za mwombaji, na pale majina ya shahada yametajwa moja moja. Mtoto mwenye shahada nzuri ambayo jina lake halipo kwenye orodha hiyo anaweza kuachwa kabla hata ya mtihani. Kama una mtoto kidato cha sita anayetaka kusoma kozi za namna hii, kaeni pamoja jioni moja, mfungue matangazo kumi ya zamani, mwangalie jina la kozi anayoitaka linatajwa mara ngapi. Jioni hiyo moja inaweza kumwokolea miaka mitatu.

Aliyehitimu tayari aelewe pia kwamba mchujo ni wa mtihani wa maandishi, kisha mahojiano. Wanaofaulu na kukosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kuitwa baadaye, kwa hiyo kukosa leo si mwisho. Ajisomee bajeti ya nchi, asome Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa Dodoma Julai 2025, ajue jinsi mpango wa kijiji unavyoanzia kwenye mkutano wa wananchi. Mhitimu wa maendeleo asiyejua mapato ya halmashauri yake yanatoka wapi atapata tabu mbele ya jopo.

Mlango wa pili ni fedha. Benki, taasisi za mikopo midogo, SACCOS na bima zote zinahitaji watu wanaojua hesabu na wanaoweza kukaa na mteja. Wengi huanza na cheo cha afisa mikopo. Sitakudanganya, ni kazi ya jua. Kuna malengo ya kila mwezi na kuna wateja wanaozima simu. Lakini kijana aliyekaa miaka miwili akikagua madaftari ya mama lishe na wauza mitumba anaijua biashara ndogo kuliko aliyeisoma darasani tu. Akiongeza mitihani ya uhasibu ya NBAA, au ya ununuzi na ugavi ya PSPTB, thamani yake inapanda.

Mlango wa tatu ni takwimu na utafiti. Huu naujua kwa karibu. Binti yangu alisoma uchumi, na mimi nilishamwona kichwani kwangu akiwa amekaa kwenye kiyoyozi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa udadisi, yaani kuhoji kaya. Siku thelathini vijijini na kishikwambi mkononi, akiuliza watu wanakula mara ngapi na wanachota maji wapi. Alirudi amekuwa mweusi na visigino vimepasuka. Nililia kimoyomoyo, nikajiuliza kama ni hiki nilichomsomeshea.

Nilikosea. Utafiti wa kwanza ulimleta wa pili, wa tatu akawa msimamizi wa timu. Usiku alikuwa anajifunza kuchambua zile data mwenyewe. Leo anaajiriwa kwa uchambuzi, na anapoandika kwamba kaya fulani ina hali ngumu, anajua hali ngumu inafananaje.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu, taasisi za utafiti kama REPOA na ESRF, Taasisi ya Afya Ifakara na kampuni za utafiti wa masoko zote hutumia wadadisi. Sensa ya Agosti 2022 nayo ilihitaji makarani nchi nzima. Malipo mara nyingi ni ya siku na mikataba ni mifupi. Kinachomtoa mtu kwenye kuuliza maswali na kumpeleka kwenye kuchambua majibu ni ujuzi wa programu: Excel kwanza, halafu Stata au R. Hiyo R ni ya bure, na masomo yake yako mtandaoni bure.

Mlango wa nne ni mazao na biashara, na wazazi wengi huusahau. Vyama vya ushirika vya AMCOS, maghala, na minada ya korosho, ufuta na mbaazi inayoendeshwa kwa stakabadhi ghalani. Kuna kampuni zinazonunua parachichi Njombe, kahawa Mbozi na Karagwe, viungo Tanga na Zanzibar. Zote zinahitaji mtu wa kuandikisha wakulima, kufuatilia bei, kukokotoa gharama na kuandika ripoti inayoeleweka. Mshahara wa kuanzia unaweza kuwa mdogo na kituo cha kazi kikawa mbali na mjini. Lakini uchumi aliousoma kijana unafanyika pale, mbele ya macho yake.

Mlango wa tano ni huohuo wa mashirika. Umekuwa mwembamba, haujafungwa. Wanaopita ni wale wenye kitu cha kushika mkononi: wanaojua ufuatiliaji na tathmini ya mradi, bajeti, uandishi wa ripoti, au lugha ya ziada kama Kifaransa. Njia ya kawaida ni kuanza na shirika dogo la wilayani, hata kwa kujitolea. Serikali pia ina programu ya mafunzo ya uzoefu kazini kwa wahitimu.

Na wale wanaoota Benki ya Dunia? Ndoto si dhambi, ila ina ngazi zake. Programu yake ya wataalamu vijana inataka shahada ya pili na uzoefu. Ufadhili wa Chevening wa kusoma Uingereza unataka saa 2,800 za kazi, sawa na kama miaka miwili. Kwa hiyo ile kazi ndogo ya wilayani unayoionea aibu ndiyo inayohesabiwa huko.

Badilisha swali

Nyumba nyingi zina swali moja tu kwa mhitimu: "Vipi, umepata?" Anaulizwa asubuhi, anaulizwa na shangazi kwenye simu, anaulizwa msibani. Swali hili halina jibu zaidi ya ndiyo au hapana, na kila akisema hapana anapungua kidogo.

Jaribu mengine. "Wiki hii umejifunza kufanya nini?" "Nani hapa mtaani ana shida unayoweza kuitatua kwa ulichosoma?" "Tangazo ulilokosa, lilitaka kitu gani ambacho huna?" Maswali haya yana majibu. Na majibu yake ndiyo yatakayoandikwa kwenye wasifu wake wa kazi.

Pili, wekeaneni makubaliano ya muda. Miezi mitatu, kwa mfano. Mzazi unatoa bando na nauli ya kwenda kujitolea. Mtoto anatoa kazi inayoonekana: kozi moja aliyoimaliza, maombi aliyoyatuma kwa kuyasoma vizuri badala ya kunakili barua ileile kila mahali, ofisi alizozifikia kwa miguu yake. Mwisho wa miezi mitatu mnakaa tena.

Tatu, mwangalie binti. Kijana wa kiume asiye na kazi tunamwita mvivu, lakini walau tunamwacha atoke. Binti asiye na kazi anageuzwa msaidizi wa nyumba. Anapika, anafua, analea watoto wa dada yake, anauguza bibi. Jioni tunashangaa kwa nini hajatuma maombi. Mpe saa zake za asubuhi, tena mbele ya wadogo zake, ili wajue hizo ni saa za kazi.

Nne, siku akipata, usimpokee na orodha ya madeni. Kama alisoma kwa mkopo wa HESLB, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi itakatwa kila mwezi kabla hajaishika. Kuna kodi ya nyumba na nauli. Kijana anayeanza kazi huku akidaiwa na ukoo mzima anaweza kuiacha kazi nzuri yenye mshahara mdogo kwa sababu tu haitoshi kututuliza sisi.

Na ile hadithi ya Umoja wa Mataifa uliyoisambaza mtaani, ifute mwenyewe. Wewe ndiye uliyeitangaza. Mwambie jirani, "Amesoma uchumi wa maendeleo, anatafuta pa kuanzia, ukisikia kitu tuambie." Sentensi hiyo inaweza kuleta kazi. Ile ya kwanza huleta matapeli.

Daftari la karakana

Nimrudie fundi wetu. Baada ya kumwambia asitoe hela, nilimuuliza swali: karakana yako ina daftari? Akasema lipo, anaandika anachouza. Na gharama? Za kichwani. Nikamwambia, mzee wangu, nyumbani una mtu aliyesomea mambo ya miradi miaka mitatu, na wewe una mradi wa miaka ishirini ambao hajawahi kuukagua. Mpe daftari.

Wiki mbili baadaye akanipigia. Kijana alikaa karakanani akaorodhesha kila kitu: mbao, gundi, msasa, vanishi, umeme wa mashine, posho ya vibarua, usafiri wa kumpelekea mteja. Wakagundua kitanda cha futi tano, kile kinachotoka kwa wingi, kimekuwa kikiuzwa kwa bei ambayo haibakizi kitu. Faida yote ya karakana ilikuwa inatoka kwenye milango na makabati.

"Miaka yote hiyo nafurahia vitanda," baba akasema, akacheka kidogo.

Wamepandisha bei ya kitanda. Wateja wawili wamekimbia, wengine wamebaki. Kijana ameshaombwa na mafundi wengine wawili wa jirani awafanyie hesabu kama hizo, na mmoja amelipa. Kazi ya kuajiriwa hajapata. Amefanya usaili mmoja wa maandishi na anasubiri majibu, na asubuhi tatu kwa wiki anajitolea kwenye SACCOS moja ya pale mjini.

Nikamuuliza, na yule mtu wa milioni tatu?

"Amepiga juzi," akaniambia. "Ameshusha. Sasa anataka mbili."

Mzazi mwenzangu, kama na wewe kuna mtu wa namna hiyo anayekupigia, leo usipokee. Mwite mwanao, mkae chini, mwanze na matangazo kumi. Tukutane wiki ijayo.